Kimya cha Mwigizaji wa Ghorofa ya Nne

Mwigizaji alipenda kufa asubuhi. Alisema jua la mchana la Johannesburg humfanya maiti akunje uso, na maiti anayekunja uso haitwi tena kazini. Siku akipata kazi ya filamu alipita mlangoni kwangu mapema, kizibao kimefungwa vifungo vyote, akasimama mbele ya cherehani yangu, mikono nyuma.

"Mama Fundi, leo niko nakufa tena."

"Wapi, Muzee?"

"Kwenye daraja. Watanipiga risasi saa ine."

"Basi ukimaliza kufa, upitie dukani uniletee uzi mweusi."

Jioni nilipata uzi wangu. Yeye alikuwa bado ana rangi nyekundu nyuma ya sikio, kwa sababu watu wa filamu walikuwa wamemwosha harakaharaka ili wamwoshe anayefuata.

Alikuwa mzee mweupe, mrefu, mwembamba, Mwestonia, peke yake wa aina yake katika jengo letu la mtaa wa Berea lililojaa sisi Wakongo, Warundi, Wazimbabwe na Wanigeria wawili wa ghorofa ya pili. Mlango wake ulitazamana na wangu kwa miaka kumi na mmoja. Habari za alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani sina, kwa sababu hakuniambia na mimi sikumuuliza. Mtu wa Berea haulizwi katoka ukoo gani, anaulizwa kama maji yanatoka kwake. Nilichojua ni kwamba kwao, katika ukumbi wa maigizo wa mji wake, alikuwa mtu mkubwa, na kwamba alikuja Johannesburg na filamu moja, ndani yake akiwa nahodha wa meli, akampenda mwanamke aliyekuwa anawapaka waigizaji rangi usoni, akabaki. Mwanamke huyo alikufa kabla mimi sijahamia. Picha yake ilikaa juu ya friji.

Kwenye ukuta wa jikoni alikuwa amebandika karatasi ya vifo vyake. Risasi, risasi, sumu, kuanguka ngazini, gari, risasi, kuzama. Makampuni ya nje hupenda kupiga filamu Johannesburg kwa sababu mji huu unakubali kufanywa mji wowote, na kila walipohitaji Mrusi mbaya, walimwita yeye. Hilo lilimuuma. Warusi, alinieleza, walikuwa wameitawala nchi yake kwa muda mrefu, akakua akilazimishwa lugha yao shuleni, na sasa uzeeni anakula kwa kuisema. "Walitoka kwetu," alisema, "wakaja kukaa mu kinywa yangu." Mlinzi wa lango la jengo alimwita Russia miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo mwigizaji alisimama kumsahihisha, mifuko ya sokoni mikononi, na mlinzi akajibu, "Eish, sorry, Russia."

Alizidharau filamu zile, lakini alijua dakika anayotokea katika kila moja. Binti yangu aliwahi kuipata mojawapo kwenye simu yake, tukakaa watatu kitandani kwangu kuitazama. Mwigizaji alivua miwani, akaishika magotini, akatazama hivyo hivyo bila kuona vizuri. Alionekana kwa muda ambao mimi hutumia kutia uzi kwenye sindano. Akafungua mlango, akapigwa, akaanguka.

"Umekufa muzuri, Muzee," nilimwambia.

"Hapana. Nimeanguka muzuri. Kufa ni kintu ingine."

Binti yangu akacheka, akasema neno la Kiingereza. Amezaliwa hapa, huyu, Kiswahili anakisikia chote lakini akifungua kinywa kinatoka Kiingereza, au Kizulu akiwa na hasira. Mwigizaji, aliyekuwa amejifunza Kiswahili chetu cha Bukavu kwenye korido kwa kusikiliza akina mama wakigombania kamba za kuanikia nguo, hakumsamehe jambo hilo. Alimsemesha Kiswahili, binti akajibu Kiingereza, naye akaendelea na Kiswahili, wote wawili wagumu. Siku moja akamwambia polepole, "Miye sina mutu wa kusema naye luga yangu katika muji huu muzima. Weye mutu wako iko hapa anakupikia." Binti yangu alikwenda kukaa dirishani. Kwa wiki mbili hivi aliniamkia kwa Kiswahili, kisha akasahau.

Tulikuwa tumejuana kwa sababu ya kifungo. Alikuja mara ya kwanza akiwa ameshika kizibao cheusi cha sufu, kimechakaa midomo ya mifuko lakini kimekatwa na fundi aliyejua kazi, na kifungo kimoja mkononi. Kilikuwa cha pembe, cheusi, chenye matundu manne. Aliniambia kimetoka katika chumba cha mavazi cha ukumbi wao, na kwamba mahali pake ni pa pili kutoka juu. Nikakishona kama ninavyoshona vifungo vyote. Akakijaribu kwa kidole gumba na cha shahada, akanirudishia.

"Hakizunguki."

"Kifungo hakitakiwi kuzunguka, Muzee. Kikizunguka kinakata uzi."

"Hiki kizunguke."

Nilikasirika. Fundi haambiwi alegeze kazi yake. Lakini nilikikata, nikakishona upya juu ya njiti ya kiberiti ili uzi uwe mrefu, nikauzungushia uzi mwingine kama shingo, na njiti nikaitoa. Akakishika, akakizungusha, uso wake ukafunguka. Tangu siku hiyo, kila baada ya miezi michache uzi uliisha kwa kuzungushwa, naye alirudi, nami nilikishona.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilikuwa cha kazi gani. Kwao, alisema, kila ukumbi ulikuwa na mtu anayekaa mahali pasipoonekana, karatasi za mchezo mapajani, kazi yake kumpa mwigizaji neno likimtoroka. Katika ukumbi wake kazi hiyo ilifanywa na mama mmoja mpaka nywele zikawa nyeupe zote. Watazamaji hawakumjua hata sura, waigizaji walimwogopa kuliko mkuu wa ukumbi. Kila mwigizaji alikuwa na ishara aliyopatana naye. Mmoja aligusa nywele, mwingine alikohoa. Yeye alizungusha kifungo cha pili. Akikizungusha, neno lilifika, chini kabisa, na watu elfu wasijue kwamba alikuwa amepotea.

"Alikuwa anajua tu?" nilimuuliza. "Bila kifungo?"

"Alijua. Lakini alingoja kifungo. Hiyo ndiyo kazi yote, Mama Fundi. Kungoja."

Kwa hiyo akanifanya mimi kuwa yule mama. Jumapili mchana, nikitoka kanisani, alikuwa amekwisha weka viti viwili, kimoja kwa ajili yangu nyuma ya mlango wa kabati, mahali ambapo yeye hanioni lakini mimi naona kwa upenyo wa mlango. Alinipa karatasi za michezo aliyocheza ujanani, zimekuwa za njano. Nilimwambia sijui hata neno moja la Kiestonia. Akanijibu kwamba herufi zao zinasomwa karibu zilivyoandikwa, kama zetu, nisome tu. Nikasoma. Zile zenye nukta mbili juu zilinitoa jasho, na yeye alinirekebisha kwa subira ambayo langoni kwa mlinzi hakuwa nayo. Aliigiza chumba kizima: baba, askari, mchungaji, mlevi. Mimi nilifuata kwa kidole, bila kuelewa, nikikitazama kifungo chake. Miaka saba nilishika karatasi hizo. Majirani walinitania kwamba nimeolewa na mzungu asiyenipeleka Ulaya. Niliwaacha, kwa sababu ningewaelezaje kwamba naenda kukaa nyuma ya kabati.

Sijasema kwamba alikuwa mtu mwepesi. Alikuwa mchoyo wa mkate wake mweusi, aliouoka mwenyewe kwa unga mchungu aliotafuta mji mzima, na hapo hapo angetoa koti lake la pekee kwa Mrundi aliyefika jana. Alidanganya kwa mambo madogo, kwamba amekula, kwamba goti haliumi, na akaniita mwongo siku niliposema gauni la mteja litakuwa tayari Ijumaa. Hakuamini Mungu. Lakini alikuja kanisani kwetu kila sikukuu, akakaa kiti cha mwisho, na baadaye akanipa maoni yake juu ya mchungaji kama vile amekwenda kukagua kazi ya mwenzake.

Kanisa letu linahusika katika habari hii. Sisi tuna desturi zetu: mhubiri akisema "Bwana ni mwe..." kanisa linajibu "...ma". Haachwi peke yake na neno lake. Akinyamaza kidogo tu, mtu ataanzisha pambio, mwingine atapiga makofi, mama fulani atasema amina mpaka arudi. Kwetu kumwacha mtu amesimama mbele za watu kimya ni ukatili. Mwaka mmoja vijana walimwomba mwigizaji awafundishe mchezo wa Krismasi, akawafundisha miezi miwili. Alimfundisha kijana aliyekuwa Yusufu kwamba, akisikia habari ya Mariamu, asiseme kitu. Asimame tu. Asimame mpaka aone aibu, kisha ndipo aseme.

Siku yenyewe Yusufu alisimama. Kimya kikaingia. Kikaingia kidogo zaidi. Mama wa kiti cha mbele akamwambia, "Sema, mwanangu." Mwingine akasema, "Mwambieni neno." Mzee wa kanisa akamnong'oneza kwa sauti ya kipaza sauti, "Mariamu, usiogope," na kanisa zima likarudia, "Mariamu, usiogope," na kwaya ikaanza. Yusufu akalia kwa hasira, watu wakadhani ni Roho. Nilimtafuta mwigizaji kule nyuma. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Watu wenu wako wazuri sana," aliniambia tukirudi. "Hawawezi kuona mutu anapotea. Lakini Yusufu hakupotea, Mama Fundi. Yusufu alikuwa anafikiri."

Nami nilicheka. Nilijiona mimi si kama wao. Mimi nilikuwa nimefundishwa kungoja.

Barua ilikuja mwezi wa tatu, miaka miwili iliyopita, kwenye simu yake. Aliniletea nisome, akakumbuka ni Kiestonia, akanisomea mwenyewe amesimama, kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Ukumbi wake wa zamani ulikuwa unaandaa mchezo mpya. Kulikuwa na baba mzee ndani yake. Mkurugenzi wa mchezo, dada mmoja kijana ambaye hakuwa bado amezaliwa wakati yeye anaondoka, alikuwa ameona picha zake za kale na kusikia kwamba yuko hai. Aliuliza kama bado anaweza kukariri. Aliuliza kwa adabu, akaomba amwone kwanza kwa kompyuta, sehemu mbili za mchezo. Akiwafaa, watamtumia tiketi ya ndege, atapewa chumba karibu na ukumbi, atacheza majira yote ya baridi.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa hivyo kwa furaha. Alikata nywele. Alinunua soksi. Alisema hataigiza Mrusi tena hata akifa njaa, kisha akasema nisimwambie mtu mpaka iwe kweli. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na kitu kimoja tu alichokitaka kilikuwa kimemwita.

Alinieleza sehemu ya pili, ile iliyokuwa roho ya mchezo. Mwana amerudi nyumbani baada ya miaka mingi, alikuwa ameondoka vibaya. Amesimama mlangoni, theluji nyuma yake, anauliza, "Baba, unanijua?" Baba hajibu. Ananyamaza muda mrefu. Kisha anasema, "Pane uks kinni. Külm tuleb sisse." Funga mlango, baridi inaingia.

"Hiyo tu?" nilisema. "Hamkumbatii?"

"Kwetu hiyo ni kukumbatia. Mutu ukimwambia afunge mulango, umemwambia yuko ndani."

Tulifanya mazoezi kila siku jioni, si Jumapili tu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikutaka kuliona. Maneno yalikuwa yanamkimbia. Mwanzoni alizungusha kifungo mara moja, kisha mara nne, kisha kila ukurasa, na kila mara nilimpa. Uzi uliisha ndani ya wiki tatu. Siku moja nilimkuta amevaa viatu viwili visivyofanana, mkate wake umo ndani ya kabati la nguo. Siku nyingine alisimama katikati ya chumba bila kugusa kifungo, macho yake kama ya mtu aliyeingia dukani akasahau alichofuata. Nilingoja. Nilihesabu hadi ishirini. Akaniuliza kwa Kiswahili, kutoka upande ule wa kabati, "Mama Fundi, tunafanya nini?" Nikamwambia tunafanya mazoezi, Muzee. Akasema ndiyo, ndiyo, mazoezi, tukaanza upya, na hatukulitaja tena.

Siku ya kuonekana tuliweka kompyuta ya binti yangu juu ya meza ya cherehani, kwa sababu dirisha langu lina mwanga mzuri. Alisimama mbele yake, kizibao kimepigwa pasi, kifungo nimekishona asubuhi ile kwa uzi mara mbili. Mimi nilikaa kwenye stuli fupi nyuma ya kompyuta, chini, karatasi mapajani. Nilimwona yeye tu. Yule dada wa mbali nilimsikia sauti. Tulikuwa tumepatana: akigusa, nitamwonyesha neno kwa midomo, asipogusa, sipo.

Sehemu ya kwanza ilikwenda yote bila kugusa hata mara moja. Nilifuata kwa kidole na kila neno lilikuwa mahali pake. Nilisikia yule dada akisema kitu kwa sauti ya kufurahi. Nikamshukuru Mungu kwa niaba ya mtu asiyemwamini.

Sehemu ya pili. Yule dada akasoma maneno ya mwana, nikalitambua swali. Mwigizaji akanyamaza.

Nilihesabu kumi. Mikono yake ilikuwa inaning'inia. Nilihesabu kumi na tano. Macho yake yalikuwa mbele, yamefunguka, hayapepesi, na mimi niliyaona yale macho ya dukani. Nilihesabu ishirini, na nikaiona tiketi ya ndege, na soksi mpya, na yule mama wa kiti cha mbele kanisani alikuwa ndani yangu, na kanisa zima lilikuwa ndani yangu. Hakuwa amegusa kifungo. Nilikuwa nakitazama kifungo hicho na kilikuwa kimetulia. Hata hivyo nilisema. Sikusema kwa midomo. Nilisema kwa sauti, kama tunavyosema kanisani.

"Pane uks kinni."

Alifumba macho kidogo. Kisha akasema maneno yake yote, vizuri, kila herufi, na nilijua kabla hajamaliza kwamba yalikuwa yamekufa. Yule dada akauliza swali fupi. Mwigizaji akajibu. Baadaye alinitafsiria: aliuliza nani yuko hapo chumbani, na yeye akasema ni jirani, ananisaidia kukumbuka. Hakusema uongo, yeye aliyedanganya juu ya goti. Wakaagana kwa adabu.

Akafunga kompyuta polepole. Mimi nilikuwa bado chini kwenye stuli, karatasi mapajani.

"Ilikuwa kimya yangu," alisema. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Nilikuwa ninamuangalia mutoto wangu. Nilikuwa karibu kumujua."

"Muzee, unisamehe."

Aliweka mkono juu ya kizibao, si juu ya kifungo, pembeni yake. "Mwanga wako ni muzuri," akasema, akavuka korido, akafunga mlango.

Waliandika baada ya wiki moja. Baba alipewa mtu mwingine, mdogo wake kwa miaka kumi, asiyehitaji msaada wa kukumbuka. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakiogopa, na mimi ndiye niliyewathibitishia. Nimejieleza mara nyingi kwamba hata bila mimi maneno yangemkimbia kule, mbele za watu, na aibu ingekuwa kubwa zaidi. Huenda ni kweli. Lakini siku ile hayakuwa yamemkimbia. Siku ile alikuwa nayo yote, na alikuwa anafanya kazi bora kuliko zote nilizomwona akifanya, na mimi nikamkatiza. Binti yangu hajui. Aliporudi kuchukua kompyuta nilimwambia mtandao ulikuwa mbaya.

Viti viwili havikuwekwa tena. Tulisalimiana kama kawaida, alinitania, alileta uzi nilipomtuma. Lakini kizibao hakukileta. Nilikiona kifungo kwenye ngazi kikining'inia kwa uzi mmoja, nikanyoosha mkono, naye akasema atakuja kesho. Wiki iliyofuata kilikuwa hakipo, pamebaki nyuzi tu. Nilitafuta kila ngazi ya jengo lile, ghorofa zote, mpaka kwenye mapipa ya taka, wala sikukipata.

Baadaye alianza kupotea kweli. Alishuka kwenda kufa siku ambayo hakuna aliyemwita, akasimama kwenye roboti, zile taa za barabarani hapo kona, akingoja gari la filamu mpaka mlinzi alipomrudisha. Alipofika juu alikuwa anaongea Kirusi, yeye. Mpwa wa marehemu mke wake akaja kutoka Pretoria, akampeleka kwenye nyumba ya wazee huko kaskazini, mbele kidogo ya njia ya Diepsloot. Mpwa huyo alinipa kizibao nimtunzie, akasema kule wanapendelea nguo rahisi.

Sikwenda kumwona miezi saba. Nilisema kazi nyingi, nilisema nauli, nilisema ni msimu wa sare za shule. Nilikuwa naona haya. Niliogopa kwamba atanikumbuka, na niliogopa kwamba hatanikumbuka, na hofu hizo mbili zilinitosha kukaa nyumbani.

Nilikwenda mwezi wa saba mwaka huu, Jumamosi, baridi ile ya Johannesburg isiyo na mvua. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye veranda, mlango umeachwa wazi ili wafanyakazi wamwone wakipita. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amekonda, amenyolewa vizuri, amevaa jaketi la kijivu la manyoya laini lenye zipu hadi shingoni. Nilimwambia, "Muzee, ni miye, Mama Fundi." Alinitazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni wa mtu mwingine. Kiswahili kilikuwa kimeondoka chote. Nilimsemesha kuhusu mlinzi, kuhusu lifti, kuhusu binti yangu.

Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda kifuani. Ulifika mahali fulani upande wa juu, kidole gumba na cha shahada vikasugua kitambaa, vikatafuta, vikashuka. Baada ya muda kidogo vikapanda tena.

Mlezi aliingia na chai. Alikuwa mama wa Kizulu wa rika langu, mwenye sauti ya kutuliza, na alimwita Mkhulu, yaani babu. Akaona ninapotazama.

"Anajikuna," aliniambia, na kwa Kizulu changu cha kuokoteza nilimfuata. "Tangu alipoletwa. Siku nzima, pale pale. Daktari ametupa dawa ya kupaka mara mbili, lakini ngozi haina kitu." Akamfunika magoti kwa blanketi, akatoka, mlango akauacha wazi.

Mkono ukapanda. Mimi nimekishona kifungo kile mara ambazo siwezi kuhesabu. Najua ni vidole vingapi kutoka kwenye kola hadi mahali pake. Vidole vyake vilikuwa hapo hapo, juu ya zipu isiyo na kitu, vinazungusha hewa. Miezi saba. Miezi saba alikuwa anaomba neno, kila siku, mbele ya watu wema waliompaka dawa, na mtu pekee aliyejua ishara ile alikuwa Berea akishona sare.

Nililia, sitasema uongo. Nililia kimya nikimwangalia, na sikujua nimpe lipi. Sikujua yuko katika mchezo gani, ukurasa gani, anamsemesha nani. Karatasi sikuwa nazo. Nilikuwa na maneno matatu tu ninayoyajua bila karatasi, na nilikuwa nimeapa kwamba hayatatoka tena kinywani mwangu.

Nilingoja. Mkono ukashuka, ukapanda, ukazungusha. Safari hii alikuwa anagusa. Nikasogeza kiti changu nyuma ya bega lake, mahali asiponiona, nikainama, nikasema chini kabisa, kama yule mama wa nywele nyeupe:

"Pane uks kinni."

Vidole vikasimama. Akainua kichwa kuelekea mlangoni, kule kwenye veranda na nyasi zilizokaushwa na baridi, akatazama kwa muda mrefu. Sikuhesabu. Kisha sauti yake ikatoka, ile ya chumba kizima, si ya mgonjwa.

"Külm tuleb sisse."

Mkono ukashuka, ukakaa juu ya blanketi. Nikasimama, nikaenda, nikafunga mlango kutoka ndani, nikarudi kukaa karibu naye.